ATP haijashuka, ACC imepanda mara tatu: AMPK inahisi nini hasa?

mezani_kwa_seli

Habari wakuu. Naomba wanaofahamu vimeng'enya vya nishati waniangalizie hapa.

Seli ni HepG2 (za saratani ya ini), midia ya kuzilishia ni DMEM yenye glukosi 25 mM na seramu asilimia 10. Metformin (dawa ya kisukari) 2 mM, saa 24. ATP, sarafu ya nishati ya seli, kwa kipimo cha lusiferasi (kimeng'enya kinachotoa mwanga kikitumia ATP) ni asilimia 96 ya kontroli, yaani ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo. Kwenye westani bloti (kipimo cha protini kwa kingamwili), ACC, kimeng'enya cha mafuta ambacho AMPK hukibandika fosfeti, ikiwa na fosfeti hiyo (Ser79) imepanda kama mara tatu. AMPK yenye fosfeti pale Thr172, sehemu inayobandikwa fosfeti ili iamke, imepanda kidogo mno, labda mara 1.3, na kuna bloti ambazo huwezi hata kuapa kwamba imepanda.

Kila kitabu kinaeleza AMPK kama geji ya mafuta ya seli: ATP ikipungua, inawaka, inazima kazi zinazokula nishati na kufungua zile zinazoileta. Sasa hapa tangi limejaa na taa inawaka.

1. AMPK inawezaje kuwaka ATP ikiwa palepale?
2. Kwa nini ACC inapiga kelele na Thr172 inanong'ona? Kingamwili ni kibovu?
3. Kuna uwezekano kwamba yote haya ni makosa ya utayarishaji wa sampuli?

---

mizani_ya_adenini

Mkuu, AMPK haisomi ATP peke yake. Inasoma AMP na ADP (ATP iliyopungukiwa fosfeti mbili au moja) zikigombea nafasi na ATP, na AMP hiyo inatoka kwa kimeng'enya kingine ambacho watu hukiruka wakifundisha: adenileti kinasi. Kazi yake ni moja tu:

2 ADP ⇌ ATP + AMP

Kimo kwa wingi kwenye seli na kina kasi, hivyo mmenyuko huu hukaa karibu na msawazo muda wote, na konstanti ya msawazo wake iko karibu na 1. Kwa hiyo AMP ≈ ADP² ÷ ATP. Jibu la swali lako la kwanza liko kwenye huo mraba.

Chukua seli yenye ATP 5.00 mM na ADP 0.50 mM. AMP inakuwa 0.25 ÷ 5 = 0.05 mM, jumla ya nukleotidi 5.55. Sasa ishushe ATP kwa asilimia 5 tu, iwe 4.75, jumla ikibaki ileile. Tatua mlinganyo wa kipeo cha pili: ADP inakuwa karibu 0.70 na AMP 0.10. ATP imepungua kwa kiasi ambacho lusiferasi haikioni, AMP imeongezeka maradufu. Ishushe kwa asilimia 10, iwe 4.50: ADP 0.88, AMP 0.17. Hapo AMP imepanda zaidi ya mara tatu, na uwiano wa AMP kwa ATP umetoka 0.010 hadi 0.038, karibu mara nne.

Kwa hiyo asilimia 96 yako haisemi kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hesabu hii, kushuka kwa asilimia 4 kunatosha kuikaribisha AMP kwenye maradufu. Ungekuwa wewe ndiye unayebuni kihisi cha njaa ya seli, usingechagua ATP. Ungechagua kile kinachotetemeka zaidi.

Tahadhari moja. Namba nilizotumia ni za jumla, zile unazopata ukiisaga seli kwenye asidi. Ndani ya seli hai sehemu kubwa ya ADP na AMP imeshikwa na protini. Ukiweka ADP huru kuwa 0.05 mM na ATP 5 mM, AMP huru inatoka 0.0005 mM, yaani 0.5 µM. Kanuni ya mraba haibadiliki, ila usichukue AMP ya HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) ukailinganisha moja kwa moja na uwezo wa AMPK kuishika AMP kwenye chupa.

Jambo la pili, na hili naona ndilo linalosahaulika zaidi: ATP yako iko palepale *kwa sababu* mfumo umefanya kazi. Saa 24 ni muda mrefu. Metformin imebana kompleksi I ya mitokondria, ATP ikayumba kidogo, AMP ikapanda, glaikolisi ikaongezwa kasi, utengenezaji wa mafuta ukapunguzwa, na mizania ikarudi. Unapima mwisho wa mchezo kisha unashangaa mbona hakuna goli lililoingia. Ukitaka kuona mtikisiko wenyewe, pima pia saa ya 1, ya 3 na ya 6. Metformin inaingia polepole, kwa hiyo dakika 15 hazitakupa kitu. Kwa dawa kama oligomaisini, inayozuia mitokondria kutengeneza ATP, ndiyo, dakika 15 zinatosha.

Na glaikolisi hapo haikusubiri AMPK. Fosfofruktokinasi inazuiwa na ATP ikizidi, na AMP inaondoa kizuizi hicho moja kwa moja, bila kinasi (kimeng'enya kinachobandika fosfeti) yoyote kati. Glaikojeni fosforilasi ya misuli nayo inaamshwa na AMP hivyohivyo. Fruktosi-1,6-bisfosfatasi, inayofanya kazi kinyume kwenye njia ya kutengeneza glukosi, inazimwa na AMP hiyohiyo. AMPK ni ngazi ya juu yake: inachukua ishara ileile na kuipeleka kwenye mafuta, kolesteroli, utengenezaji wa protini na jeni.

---

gamma_site3

Naongezea kwenye swali la pili, maana hapo ndipo watu wengi hutupa kingamwili kizima kisicho na kosa.

AMPK ina vipande vitatu. α ndicho chenye kinasi yenyewe na ile Thr172. β ni kiunganishi, na kina sehemu inayoshika glaikojeni. γ ndicho kihisi. Binadamu ana aina mbili za α, mbili za β na tatu za γ, hivyo michanganyiko inafika 12, na si yote inayofanana kwa hisia.

γ ina nafasi nne za nukleotidi. Nafasi ya 2 haina kitu. Ya 4 imeshika AMP kwa nguvu na haiiachii kirahisi. Zinazobadilishana kadiri hali ya seli inavyobadilika ni ya 1 na ya 3. Huko ndiko AMP, ADP na ATP zinakosukumana. ATP ni nyingi mno, lakini sehemu yake kubwa iko na magnesi, na ATP yenye magnesi inashika γ kwa udhaifu kuliko ATP tupu. Bila hilo AMP isingepata hata pa kusimama.

AMP ikishaingia inafanya mambo matatu:

– inairahisishia LKB1, kinasi nyingine, kubandika fosfeti pale Thr172;
– inaikinga Thr172 isibanduliwe fosfeti na fosfatasi;
– inaiamsha AMPK iliyokwisha kubandikwa fosfeti iwe kali zaidi, kwa kubadili umbo lake.

ADP inaweza kusaidia kwenye mawili ya kwanza, hasa kinga. La tatu ni la AMP pekee.

Sasa ona bloti yako inapima nini. Kingamwili cha Thr172 kinahesabu fosfeti zilizobandikwa. *Hakioni hata chembe* ya athari ya tatu. Kwenye chupa, fosfeti ya Thr172 peke yake inapandisha utendaji zaidi ya mara 100, na AMP juu yake inaweza kuongeza hadi kama mara 10. Kwa hiyo seli inaweza kuwa na Thr172 iliyopanda mara 1.3 huku utendaji halisi wa kimeng'enya umepanda zaidi ya hapo, na ACC ndiyo inayokuonyesha utendaji huo. ACC ni shahidi wa kazi iliyofanyika. Thr172 ni shahidi wa maandalizi tu.

Mfano ulio wazi zaidi ni A-769662, dawa inayoiamsha AMPK moja kwa moja. Dawa hii haigusi γ kabisa, inakaa kati ya α na β, na inapendelea michanganyiko yenye β1. Inaweza kupandisha ACC yenye fosfeti vizuri tu huku Thr172 ikibadilika kidogo. Anayesoma Thr172 peke yake ataandika kwamba dawa haifanyi kazi.

Na LKB1 usiifikirie kama kihisi. Iko na wenzake wawili, STRAD na MO25, na inafanya kazi muda wote, njaa iwepo isiwepo. Kinachobadilika ni AMPK kukubali kubandikwa na kukataa kubanduliwa. Njia ya pili ni CaMKK2, kinasi inayofuata kalsiamu na haihitaji AMP ipande. Ndiyo maana seli za saratani za HeLa na A549, ambazo hazina LKB1, zinaitikia ionomaisini (inayoingiza kalsiamu kwenye seli) lakini zinaitikia metformin au AICAR (dawa inayogeuka kitu kinachojifanya AMP) kwa unyonge sana. Hizo ni kontroli nzuri kwako.

---

barafu_kwanza

Swali la tatu. Ndiyo, inawezekana, na AMPK ni kati ya protini zinazodanganya haraka sana mezani. Ukiinyima seli oksijeni au ukiipoza na kuitikisa, AMP inapanda ndani ya sekunde, na AMPK inaitikia kama ilivyoumbwa. Hapo bloti itakuonyesha namna unavyoshika sahani, metformin haimo.

Utaratibu ninaoupendekeza, kwa sahani ya sentimita 6:

Badilisha midia saa 2 kabla ya kuvuna, kwa sahani zote kwa wakati mmoja, na dawa irudishwe humo kwa kiwango kilekile. Usizirundike sahani nje ya inkubeta zikisubiri zamu. Toa moja, imalize, ndipo utoe nyingine. Mwaga midia, suuza mara moja kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) ya barafu, iondoe yote, weka mara moja bafa ya kupasulia 200 µL iliyo baridi kabisa, kwangua. Kuanzia kutoka inkubeta hadi bafa kugusa seli isizidi sekunde 20. Tripsini hapana. Kuzitoa seli kwa tripsini, kuzizungusha kwenye sentrifuji na kuziosha mara mbili ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kupata kontroli yenye AMPK iliyowaka, na baada ya hapo dawa yoyote itaonekana haiongezi kitu.

Bafa: Tris-HCl 50 mM pH 7.4 iliyopimwa ikiwa baridi, NaF 50 mM, sodiamu pairofosfeti 5 mM, EDTA 1 mM, EGTA 1 mM, manitoli 250 mM, Triton X-100 asilimia 1. DTT 1 mM, PMSF 0.1 mM na benzamidini 1 mM ziongezwe siku hiyohiyo. NaF na pairofosfeti zinazuia fosfatasi zisibandue. EDTA inakamata magnesi, na hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: kinasi bila magnesi haiwezi kubandika, kwa hiyo fosfeti haiongezeki ndani ya tyubu. Ukiweka vizuizi vya fosfatasi ukasahau EDTA, umefunga mlango mmoja tu.

PMSF inakufa haraka kwenye maji. Ile iliyochanganywa jana ni sawa na hakuna.

Tishu ya mnyama ni ngumu zaidi. Ini likikatwa na kusubiri kwenye sahani hata nusu dakika limekwisha kuharibika kwa kazi hii. Linabanwa papo hapo kwa koleo lenye mabapa ya metali yaliyopozwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, damu ikiwa bado inazunguka, kisha linasagwa likiwa bado limeganda.

Kwenye bloti yenyewe: ACC1 ni kama 265 kDa na ACC2 kama 280, wakati AMPKα ni karibu 62. Ukizipitisha kwenye jeli moja ya asilimia 10, ACC itabaki juu karibu na visima na haitahama vizuri kwenda kwenye utando. Tumia jeli ya asilimia 6 kwa ACC na nyingine ya 10 kwa AMPK, au jeli ya mteremko. Kuhamisha: tangi la maji, volti 30 usiku kucha kwenye chumba baridi, methanoli ishuke hadi asilimia 10 kwa ACC, maana methanoli nyingi inaifanya protini kubwa igande ndani ya jeli. Kufunika utando tumia BSA asilimia 5 kwenye TBST. Maziwa yana kasini iliyojaa fosfeti, na kwa vingamwili vya fosfeti mara nyingi yanakuletea ukungu.

Linganisha fosfo-ACC na ACC yote, siyo na aktini peke yake. Metformin kwa saa 24 inaweza kubadili kiasi cha ACC yenyewe.

Kontroli chanya: AICAR 2 mM kwa saa 1, au 2-deoksiglukosi 25 mM kwa dakika 15. Seli lazima iigeuze AICAR kuwa ZMP, inayojifanya AMP, kwa hiyo isipoitikia angalia kwanza kama kuna kitu kwenye midia kinachozuia isiingie, mfano dipiridamoli. Ukiona AICAR imewaka na kontroli tupu iko kimya, mikono yako iko sawa na unaweza kuziamini hizo mara tatu.

---

ini_na_sukari

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu AMP. Nina shaka na metformin 2 mM kwenye glukosi 25 mM.

Kwenye damu ya mgonjwa anayetumia dozi ya kawaida, metformin iko kwenye makumi ya chini ya µM. Kwenye mshipa unaotoka utumbo kwenda ini inapanda zaidi, lakini bado iko mbali na 2 mM. Sababu ya watu kumimina mM kwenye HepG2 inajulikana: metformin ina chaji chanya, haipiti utando bila kibebaji, na HepG2 ina kibebaji hicho, OCT1, kidogo ukilinganisha na seli za ini zilizotolewa moja kwa moja. Kisha inajikusanya taratibu ndani ya mitokondria ikivutwa na volti ya utando. Mtu anaweza kuitetea dozi hiyo kwa kazi ya kuelewa utaratibu. Asiitumie kusema "hivi ndivyo inavyomtibu mgonjwa".

Glukosi 25 mM nayo inapotosha. Seli za saratani kwenye sukari nyingi hivyo zinaendesha maisha kwa glaikolisi, na mitokondria ikibanwa hazijali sana. Angalia rangi ya midia: sahani za metformin zikiwa za manjano asubuhi na kontroli bado nyekundu ya machungwa, lakteti imemwagwa kwa wingi. ATP ya asilimia 96 imelipiwa hapo. Rudia na glukosi 5.5 mM, au galaktosi 10 mM isiyo na glukosi kabisa kama unataka seli itegemee mitokondria. Lakini kwenye 5.5 mM kuna mtego wa upande wa pili: seli zenye metformin zinaweza kuimaliza glukosi usiku, na AMPK ikawaka kwa sababu ya sahani tupu. Tangu 2017 inajulikana kwamba glukosi ikipungua, aldolasi isiyo na fruktosi-1,6-bisfosfeti inatuma ishara kwenye lisosomu, na AMPK inaamshwa huko pamoja na protini AXIN na LKB1 kabla AMP haijapanda. Ukiipata hiyo ukaiita athari ya metformin, umesoma swali tofauti. Pima glukosi iliyobaki kwenye midia. Glukometa ya kawaida inatoa makadirio tu, imetengenezwa kwa damu, ila kutofautisha 4 na 0.5 inaweza.

Na usidhani AMPK ndiyo metformin yote. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba panya wasio na AMPK kwenye ini bado wanapunguza glukosi wakipewa metformin. Mwaka 2013 panya ambao ACC zao zote mbili zimebadilishwa zisibandikwe fosfeti na AMPK walikosa faida ya metformin kwenye mwitikio wa insulini. Mwaka 2018 panya ambao fruktosi-1,6-bisfosfatasi yao haiisikii AMP walipoteza sehemu ya mwitikio wa kushusha glukosi. Ukiziweka pamoja, kwa maoni yangu mafuta ndiyo yanayopita AMPK, na sukari ya haraka inapita AMP yenyewe kwenye kimeng'enya cha zamani zaidi. Sio wote watakubali, kuna wanaoamini lengo la metformin ni gliserofosfeti dehidrojenasi ya mitokondria, na utumbo nao una wakili wake.

Njia ya mafuta inaeleweka vizuri na wewe tayari unayo nusu yake. ACC1 inatengeneza malonili-CoA ya kujenga mafuta. ACC2 iko kwenye utando wa nje wa mitokondria na malonili-CoA yake inafunga CPT1, mlango wa asidi za mafuta kuingia kuchomwa. AMPK ikibandika fosfeti kwenye zote mbili, ujenzi unasimama na mlango unafunguka. Kipimo kimoja cha uchomaji wa palmiteti kingekuambia kama hizo mara tatu zina maana kwa seli au ni wino tu kwenye utando.

---

mezani_kwa_seli

Nashukuru sana wakuu, hii imenifungua. Bado mawili. HPLC hakuna, kuna kisomaji cha mwanga tu. Naweza kupata AMP kwa lusiferasi? Na je, kompaundi C (kizuizi cha AMPK) inatosha kuthibitisha kwamba ACC imebandikwa na AMPK?

---

mizani_ya_adenini

AMP kwa lusiferasi inawezekana kwenye karatasi. Unapima ATP, kisima kingine unaongeza pairuvati kinasi na fosfoenolpairuvati, ADP inageuka ATP, cha tatu unaongeza pia adenileti kinasi, AMP nayo inageuka. Kisha unatoa. Shida ni kwamba unatoa namba mbili kubwa kupata ndogo: 5.55 toa 5.50 ikupe 0.05, wakati kila moja ina kosa la asilimia 3 hadi 5. Utapata AMP hasi kwenye kisima kimoja na AMP ya ajabu kwenye kingine. Usipoteze vitendanishi.

Pima uwiano wa ADP kwa ATP kwenye kisima kilekile. Soma mwanga wa kwanza (A) mara baada ya kuweka lusiferasi. Subiri dakika 10, mwanga unashuka. Soma tena (B). Ongeza pairuvati kinasi na fosfoenolpairuvati, subiri dakika 5, soma (C). Uwiano ni (C − B) ÷ A. Bila kusoma B utaihesabu ATP iliyobaki kama ADP. Idadi ya seli inajifuta yenyewe kwa kuwa kisima ni kimoja, jambo linalokusaidia sana maana metformin ya saa 24 inapunguza ukuaji, na hiyo asilimia 96 yako sijui imesawazishwa kwa protini au kwa kisima.

Kwenye mfano wangu wa juu, ATP ikishuka asilimia 5, uwiano huo unatoka 0.10 hadi 0.147. Hiyo ni karibu nusu nzima juu, na kisomaji cha kawaida kinaiona. Uinue kwenye kipeo cha pili upate makadirio ya AMP kwa ATP.

Ukipata HPLC ya kuazima baadaye: asidi perkloriki 0.6 M ya barafu moja kwa moja kwenye seli, dakika 10 kwenye barafu, kwangua, zungusha 12,000 g dakika 5. Chukua maji ya juu *kabla* ya kusawazisha kwa KOH. Adenileti kinasi ni sugu, inavumilia asidi na joto, na ukisawazisha pamoja na mashapo inaweza kufufuka na kukupangia upya nukleotidi zako. Fikisha pH 6.5 hadi 7.5, chumvi nyeupe ya potasiamu perkloreti itatuama, zungusha tena, igandishe −80. Hesabu chaji ya nishati: ATP jumlisha nusu ya ADP, gawa kwa jumla ya zote tatu. Kontroli nzuri iko kati ya 0.85 na 0.95. Kontroli ikiwa 0.7, sampuli ilifia mezani na hakuna takwimu itakayoiokoa.

Jumla ya nukleotidi nayo iangalie. Ikishuka, AMP deaminasi inaigeuza AMP kuwa IMP na hesabu yangu ya jumla isiyobadilika haikuhusu. Hilo huonekana sana ini likimwagiwa fruktosi: fruktokinasi inakula ATP bila breki, fosfeti inanasa, AMP inapotelea kwenye IMP na mwishowe asidi ya yuriki.

---

barafu_kwanza

Kompaundi C peke yake haithibitishi. Inazuia kinasi nyingine nyingi, zikiwemo vipokezi vya BMP (ishara za ukuaji wa kiinitete), ndiyo maana jina lake lingine, dorsomofini, limetoka kwenye utafiti wa viinitete. ACC ikishuka ukiiweka, hujui ni nani kashuka.

Ondoa α1 na α2 zote mbili. Ukiondoa α1 tu, α2 inaweza kuziba pengo. Kwa siRNA (RNA fupi ya kunyamazisha jeni) hesabu saa 72, kisha uthibitishe kwa kingamwili kinachoshika α zote. Metformin ikishindwa kupandisha fosfo-ACC hapo, umemaliza. Na kwenye seli hizohizo pima ule uwiano wa ADP kwa ATP: kama AMPK ndiyo iliyokuwa ikiirudisha mizania, utarajie uwiano upande zaidi ya kwenye seli zenye AMPK, dozi ikiwa ileile.

Ukiamua kuitumia hivyohivyo kama ushahidi wa ziada, 10 µM, itangulie dawa kwa dakika 30, na uwe na kisima cha kompaundi C bila metformin. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana kwenye picha nyingi.